Kura ni ya mutu, haiko ya kabila

Mwezi wa 12 mwaka 1957, mbele hata uhuru haujafika, wanaume wa Elisabethville, Jadotville na Léopoldville walipanga mustari mara ya kwanza kwa kuchagula washauri wa makomine yao. Elisabethville njo Lubumbashi ya leo, Jadotville njo Likasi. Mama zetu hawakuitwa: hawakuwa na haki ya kura, na hata mwaka 1960 walibaki bila. Lakini kwa wanaume weusi, wenye wakoloni walikuwa wanahesabia paka nguvu ya mikono, ile siku ilikuwa kubwa. Mutumikaji wa Union Minière, fundi wa reli na karani, kila mumoja alitia karatasi yake mu sanduku, na karatasi zote zilikuwa na uzito mumoja.

Wakati walihesabu kura za Elisabethville, watu wengi walishangaa. Kati ya wakubwa weusi wa makomine, wengi walikuwa wenye kutoka inje ya Katanga. Uchaguzi ulifanyika mu miji tu, na miji ilijaa watu wenye waliletwa na kazi. Wakatanga wengi walikuwa mu vijiji, na kule hakuna sanduku lilifika. Kwa wengine, hii ilikuwa matokeo ya kura. Kwa wengine, ilikuwa kama mugeni ameikala mu kiti cha mwenye nyumba. Mu ile kasirani njo kulitoka chama Conakat, mwezi wa 10 mwaka 1958, chenye kilikusanya mashirika ya makabila ya Katanga.

Ulizo la 1957 halijaisha. Bado tunalisikia kila wakati uchaguzi unakaribia, mu Kolwezi, mu Likasi, mu Fungurume, mu Kipushi: nani ni mwenyeji, nani ni wa kuja, na nani ana haki ya kuchagula na kuchaguliwa pahali anaikala na kutumika?

Nani aliwaita?

Mbele ya kujibu, tukumbuke namna miji yetu ilijengwa. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Reli ya kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na watumikaji wa kwanza wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, yenye leo ni Zambia. Kisha kampani ilianza kutafuta watu Kasai, Lomami na Ruanda-Urundi. Mwaka 1928 reli ilifunga njia ya kutoka Bukama mupaka Port-Francqui, ni kusema Ilebo, na Kasai ikakuwa karibu. Kampani iliona faida ya mutumikaji kuikala na bibi na watoto: ikatoa nyumba, posho, masomo na dawa. Watoto wakazaliwa mu kambi, wakakomea pale, wakaingia kazi ya baba zao.

Kwa hiyo « mugeni » wa 1957 alikuwa pengine amezaliwa hapa hapa. Hakuja kwa kuiba. Aliitwa, akaandikwa, akapewa namba. Na mu kazi, kabila halikuwa neno la kwanza. Mwezi wa 12 mwaka 1941, wakati watumikaji wa Union Minière waliweka kazi chini kwa kudai mushahara, walisimama kama watumikaji. Askari waliwapiga masasi Elisabethville, na wengi walikufa. Risasi haikuuliza mutu anatoka kijiji gani.

Hapa kuna fundisho. Mutu mumoja ni Muluba, ao Mubemba, ao Mulunda, ao Musanga; lakini pia ni muchimbaji, ni baba, ni mukristo ao muislamu, ni jirani wa Katuba ao wa Manika. Ni zote pamoja. Siku ya kura, ile itatoka mbele inategemea nani anaita, na anaita kwa jina gani.

Kutoka shirika la ndugu mupaka chama

Musifikiri ni ubaya tu ulifanya watu wachagule kwa kabila. Zamani ya wakoloni, vyama vya siasa vilikatazwa mupaka karibu mwisho. Pahali watu walikuwa na ruhusa ya kukutana ni mu kanisa, mu mupira na mu mashirika ya watu wa kwao. Mu yale mashirika njo walijifunza kuchagula mukubwa, kuchanga feza, kuzika maiti na kusaidia mujane. Wakati mulango wa siasa ulifunguliwa, mashirika yalikuwa tayari, vyama bado. Njo maana vyama vingi vilizaliwa na sura ya kabila: Abako kwa Wakongo, Conakat na Balubakat mu Katanga.

Mwezi wa 5 mwaka 1960, hesabu ilitoka hivi mu bunge la jimbo la Katanga: viti 60, Conakat ya Moïse Tshombe ilipata 25, karteli ya Balubakat ya Jason Sendwe ilipata 23. Ni tofauti ya viti 2 tu. Conakat, kwa musaada wa wabunge wasiokuwa na chama, ilikamata serkali yote ya jimbo. Wakati karteli ilikatala kuikala mu bunge, serkali ya Ubelgiji iligeuza sheria kwa haraka ili kazi iendelee bila wao. Karibu nusu ya jimbo ikabaki inje. Tarehe 11 mwezi wa 7, Tshombe alitangaza kama Katanga inajitenga na Congo. Vita ikawaka kaskazini, na watu wa jimbo moja wakauana mupaka kujitenga kuliisha mwezi wa 1 mwaka 1963.

Kura zilipigwa kweli. Lakini uchaguzi huru hauishe mu sanduku: unaomba pia mwenye kushindwa aikale salama, na mwenye kushinda asimufunge mulango.

1992: kura ya Kinshasa, malipo ya Likasi

Wazee wa kazi bado wanakumbuka. Tarehe 15 mwezi wa 8 mwaka 1992, mu Konferansi ya Taifa Kinshasa, wajumbe walimuchagula Étienne Tshisekedi, mutu wa Kasai, kuwa waziri wa kwanza pahali pa Nguz Karl-i-Bond, mutu wa Katanga. Muchimbaji wa Likasi hakutia kura yoyote mu ile mambo. Lakini yeye njo alilipa.

Mu jimbo letu, lenye wakati ule liliitwa Shaba, chama UFERI na gavana Kyungu wa Kumwanza walisema wazi kama Wakasai njo wanaziba njia ya Wakatanga. Neno likatoka: « bilulu », ni kusema wadudu. Kisha neno, vijana. Kisha vijana, moto. Likasi mu 1992, Kolwezi mu 1993, jamaa zilifukuzwa mu nyumba, zikalala ku stasio ya treni wiki na wiki, zikingoja njia ya kwenda Kasai yenye watoto wengi hawakuwa wameiona hata siku moja. Waliofukuzwa ni mamia ya maelfu. Wengi walikufa kwa magonjwa, njaa na kupigwa.

Na wenye walibaki, walipata nini? Gécamines, yenye miaka ya 1980 ilikuwa inatoa tani zaidi ya 400.000 za shaba kwa mwaka, mwaka 1993 ilitoa karibu 50.000. Haikuanguka kwa sababu ya ukabila peke yake: machimbo ya Kamoto yalibomoka mwaka 1990, feza zilikuwa zinaliwa juu, mashini hazikutengenezwa. Lakini kufukuza fundi mwenye kujua mashini hakukutengeneza mashini. Nyumba zilipata wenyewe wapya; mushahara haukurudi.

Sheria inasema nini

Leo hakuna mutu anaweza kusema kama hakujua. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006 inasema mu kifungu cha 5: wenye kuchagula na kuchaguliwa ni Wakongomani wote, wanaume na wanawake, wa miaka 18, na kura ni ya wote, ni sawa, ni ya siri. Kifungu cha 13 kinakataza kutenga Mukongomani sababu ya kabila, dini, jamaa, luga ao pahali anaikala. Kifungu cha 30 kinamupa ruhusa ya kutembea na kuikala popote mu inchi. Na toka tarehe 7 mwezi wa 6 mwaka 1966 kuna sheria yenye kupeleka mu korti mutu mwenye kuchochea chuki ya kabila.

Hata hivi, ulizo la damu linarudi kila mara. Mwaka 2021 kulitoka mupango wa sheria wenye kuomba kama raisi awe paka mutu mwenye baba na mama Wakongomani. Wengi waliona kama unamulenga Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga, mwenye baba yake alikuwa Mugriki. Ule mupango haukukuwa sheria. Mwaka 2023 Korti ya Katiba ilikatala maombi ya kumuondoa, akasimama, akatoka wa pili.

Karte na mashahidi

Lakini mwenye kukosa haki ya kura si lazima afukuzwe na vijana wenye fimbo. Inaweza kupotea polepole, ku meza ya kuandikisha.

Mu inchi yetu, karte ya uchaguzi njo inatumika kama karte ya utambulisho: ku banki, ku barabara, ku mulango wa kampani. Mutu asiyekuwa na karatasi ya kuzaliwa ao karatasi ingine anaweza kuandikwa kwa ushuhuda wa watu wenye wamekwisha kuandikwa pale na wenye wanaikala pale tangu zamani. Ni sheria nzuri, maana watu wengi hawana karatasi. Lakini fikiri muchimbaji wa mikono: mwezi huu iko Kawama, mwezi ule Kasulo, kisha anafwata shaba mbali zaidi. Nani atamushuhudia? Kama majirani wanasema « huyu si wa kwetu », haki yenye Katiba imemupa inafungwa na vinywa vya watu wawili ao watatu. Na kama aliandikwa pengine, siku ya kura anapashwa kurudi kule, ao anabaki bila kuchagula. Mwaka 2023 wengine walikuta maandiko ya karte yao yamefutika, hata sura haionekane.

Kuna pia jamii nzima zenye zilibaki inje. Mwezi wa 12 mwaka 2018, Beni, Butembo na Yumbi hawakuchagula pamoja na wengine. Walichagula wabunge mwezi wa 3 mwaka 2019, wakati raisi alikuwa amekwisha kuapa tangu tarehe 24 mwezi wa 1. Mwaka 2023, vita ilizuia Masisi na Rutshuru, na mapigano yalizuia Kwamouth. Mutu wa kule alikuwa Mukongomani sawa na sisi, lakini pahali pa kwao palimunyima sauti.

15 kwa mia ni za nani?

Musomaji wa kambi ataniuliza: hii yote inanisaidia nini mu nyumba? Inasaidia hivi. Sheria ya machimbo ya 2018 inagawa malipo yenye kampani inatoa juu ya madini: 50 kwa mia kwa serkali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa komine, sekta ao shefferi yenye machimbo iko ndani, na 10 kwa mufuko wa siku zenye kuja. Zaidi ya ile, kampani inapashwa kutoa 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa kazi za jamii ya pale.

Nani anachunga ile 15? Mu komine zenye zilichagula washauri wao mwaka 2023, ni wale washauri. Mu sekta na shefferi, ule uchaguzi haukufika. Kule feza zinapita mu mikono yenye mwananchi hakuichagula, na muchimbaji wa kuja hana pahali pa kuuliza. Kama tunachagula mutu juu ni « mutoto wa kwetu » peke yake, tunamupa feza bila kumuuliza hesabu. Mutoto wa kwetu akikula, anakula pamoja na mutoto wa kwao. Sisi na majirani tunabaki na vumbi moja, maji mabaya mamoja, kikohozi kimoja.

Jamii iwe shahidi, isiwe bwana

Hatusemi mutu aache kabila lake. Shirika la ndugu linazika wafu wetu, kitemo cha wamama kinalipa masomo. Jamii inaweza pia kulinda kura: mwaka 2018 maaskofu wakatolika walituma watazamaji karibu 40.000 mu inchi, watu wa parokia wenye walijua mutaa wao. Ni jamii njo iliona.

Basi, mu uchaguzi wenye utakuja, kuna kazi ndogo za kufanya pale tunaikala. Ukiitwa kuwa shahidi wa jirani mwenye unajua anaikala pale kweli, semea ukweli, hata kama luga yake si yako. Kikao cha shirika kisiamuru watu kura: wamualike kandida, wamuulize juu ya ile 15 kwa mia, juu ya maji, juu ya barabara, kisha kila mutu aende peke yake mu kisanduku. Baba asikamate karte ya mama. Kisha kuhesabu, musirudi mbio nyumbani: matokeo yanapashwa kubandikwa ku mulango wa buro ya kura, muyasome, muyaandike, watu wa makabila tofauti pamoja, ili mutu asiseme kesho « ni wao waliiba ».

Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini siku ya kura, kila kidole kinaingia mu wino peke yake, na hakuna wino wa wenyeji na wino wa wakuja.