Ada ya Lazima Isimfanyie Mtu Kampeni

Mwanafunzi wa udaktari aliyepanga chumba Hurlingham, karibu na Hospitali ya Kenyatta anakosomea, hulipa ada ya chama cha wanafunzi pamoja na karo. Haulizwi kama anataka. Je, pesa zilizotolewa hivyo zinaweza kuchapisha mabango ya mgombea ubunge, au kukodi mabasi ya kuwapeleka vijana kwenye mkutano wa chama cha siasa? Naamini haziwezi, na msingi wa imani hiyo ni Katiba ya Kenya ya 2010. Kifungu cha 36 kinampa kila mtu uhuru wa kujiunga na chama, kisha kinakataza mtu yeyote kulazimishwa kujiunga. Ada ya lazima huvumilika mbele ya kifungu hicho kwa sababu moja tu: hugharimia mambo yanayomfaa kila mwanafunzi, kama michezo, au utetezi wa aliyeitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Ikishaingia kwenye kampeni, anayempinga mgombea huyo amechangishwa kwa nguvu ili mpinzani wake ashinde.

Wapo watakaosema viongozi wa wanafunzi wamechaguliwa, kwa hiyo uamuzi wao ni uamuzi wa wengi. Lakini marekebisho ya 2016 ya Sheria ya Vyuo Vikuu yalileta uchaguzi wa wajumbe: wanafunzi wachague wawakilishi, na wawakilishi ndio wachague baraza la chama. Komredi wa kawaida ambaye hakumpigia kura mwenyekiti hawezi kuambiwa kwamba alimtuma akamuunge mkono gavana. Na hata kura ingekuwa ya moja kwa moja, wingi haungetosha. Mwaka 2000, katika kesi ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali ada ya lazima kwa sharti kwamba igawanywe bila kupendelea mtazamo wowote, ikatilia shaka utaratibu wa kuacha kura ya walio wengi iamue kundi gani lifadhiliwe. Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe, kwa kuwa walio wachache wamelipa ada ileile.

Pingamizi zito zaidi ni la historia. Serikali ya Moi ilipopiga marufuku SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwaka 1987, ilidai wanafunzi waache siasa wasome. Sitaki hoja yangu itumiwe kuwanyamazisha tena. Chama cha wanafunzi kina haki ya kupinga ongezeko la karo, kushtaki, kuandamana na hata kuilaumu serikali, maana hayo yanamgusa kila anayelipa. James Orengo aliongoza wanafunzi kabla ya kuingia bungeni mwaka 1980, na njia hiyo ibaki wazi. Kinachokatazwa ni hatua moja tu: kutoa mfuko wa wote kwa mgombea au chama cha siasa. Siasa ya vyama hujengwa kwa hiari: barabara inayokatiza Hurlingham ina jina la Argwings-Kodhek, wakili aliyeanzisha Nairobi District African Congress, chama ambacho watu walijiunga nacho kwa hiari. Kiongozi wa wanafunzi anayempenda mgombea ana hiari hiyohiyo, kwa muda wake na mfuko wake.

Kuifanya ada iwe ya hiari kabisa si dawa. Australia ilifanya hivyo kuanzia Julai 2006, na huduma nyingi za wanafunzi zikadhoofika. Sheria ya 2011 ikaruhusu vyuo kutoza ada ya huduma, lakini ikakataza isitumike kusaidia chama cha siasa au kumsaidia mgombea achaguliwe. Kenya inaweza kufika hapo kwa urahisi, kwani Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 tayari inazuia kutumia rasilimali za umma katika kampeni, na ada inayokusanywa na chuo cha umma, kwa maoni yangu, haina jina jingine. Katiba ya kila chama cha wanafunzi iandike katazo hilo waziwazi, na hesabu za matumizi zibandikwe kila muhula, risiti kwa risiti, kabla ya kampeni za 2027 kupamba moto.