Kupandisha Toleo la Mfumo wa Kompyuta bila Kuuhama

Kompyuta iliyotunzwa vema huweza kutumika miaka kumi na zaidi. Mfumo unaoiendesha, yaani ile programu kuu inayozigawia programu nyingine kumbukumbu na muda wa kazi, huchakaa mapema zaidi. Hauliwi na kutu. Huchakaa kwa sababu, baada ya muda, waundaji wake huacha kuziba nyufa za usalama zinazogunduliwa. Mwenye kompyuta ya namna hiyo hushauriwa mara nyingi afute kila kitu na kusimika mfumo mwingine. Ushauri huo una haraka mno.

Natuchukue mfano wa Debian, mfumo usiouzwa ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Toleo lake la 11 lilitoka Agosti 2021, la 12 Juni 2023, na la 13 Agosti 2025. Programu zake hufungwa katika vifurushi, na kila kifurushi hutaja vingine kinavyovitegemea. Kwa hiyo kupanda toleo ni kubadili jina la toleo katika faili inayoelekeza kwenye ghala la vifurushi, kisha kuiamuru programu iitwayo apt ilete vilivyo vipya. Kazi za mwenyewe hubaki mahali pake. Ikiwa faili ya mipangilio aliyoibadilisha kwa mkono imebadilishwa pia na waundaji, huulizwa kwanza ipi ishikwe.

Sharti moja halina msamaha: toleo lisirukwe. Aliye katika la 11 hana budi kupitia la 12 ndipo afike la 13. Sababu yake ni ya kiufundi kabisa. Tangu zamani mifumo ya jamii hii iligawa programu zake katika saraka mbili, /bin na /usr/bin. Kuziunganisha kulifanywa lazima katika toleo la 12, na kazi hiyo hutendwa na kifurushi maalumu wakati wa kupanda. Vifurushi vya toleo la 13 vimeundwa kwa kudhani kwamba imekwisha. Anayeruka ni kama fundi apauaye nyumba isiyofungwa linta.

Kabla ya kuanza, nakala ya mafaili yote iwekwe kwenye diski ya nje, na nafasi iliyobaki ipimwe. Umeme ukikatika katikati ya kazi (jambo lisilo geni kwetu), vifurushi vingine hubaki nusu. Mara nyingi amri ya dpkg --configure -a hutosha kuvikamilisha.

Hata hivyo, ziko kompyuta ambazo safari yake huishia njiani. Toleo la 13 halina kiini wala kisimikaji cha prosesa za biti 32. Mwenye kompyuta hiyo asipite la 12, ambalo limepangiwa masahihisho ya usalama hadi Juni 2028. Amri ya lscpu itamwonyesha aina ya prosesa aliyo nayo.