Nyama choma na watoto: Sheria yasemaje?

KATIKA mitaa ya Eastlands, Nairobi, familia nyingi hujumuika mwishoni mwa wiki kula nyama choma. Nyama hupimwa kwa kilo ingali mbichi, ndipo ichomwe na kuandaliwa kwa ugali na kachumbari.

Tatizo ni kwamba buchari nyingi hupakana na baa. Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho, humkataza mwenye leseni kumruhusu aliye chini ya umri wa miaka 18 kuingia panaponywewa pombe.

Kwa hivyo mzazi, mhudumu akimzuia mwanao mlangoni, hakudharau, anailinda leseni. Tafuta mkahawa wenye sehemu ya kulia iliyotengwa na baa.