Sura ya Saba: Bega Lililorudi Bado Halijapona

Mchezaji mieleka akiteguka bega hupewa ushauri mwingi kabla hajamwona mtu yeyote wa hospitali. Pale Kabanga, wilayani Ngara, mpakani na Burundi, ushauri huo huja kwa Kihangaza, Kiswahili na Kirundi, na mwingi wake unapotosha. Mmoja atasema livutwe papo hapo kabla halijapoa. Mwingine ataagiza mkono ufungwe kifuani miezi mitatu, usiguswe. Wa tatu ana chupa ya mafuta ya chatu. Wa nne ni kijana mwenye simu nzuri, naye amewaona wanamichezo wa Ulaya wakibandikwa plasta ndefu za rangi, basi anaamini rangi hizo ndizo zinazoponya. Kosa la tano ni la mgonjwa mwenyewe, nalo ndilo linalonikera kuliko yote: bega likirudi mahali pake na maumivu yakitulia, anahesabu kuwa amepona, wiki ya tatu anashikana viuno na wenzake, na wiki ya nne bega liko nje tena.

Nimepanga kueleza mambo matatu kwa zamu: kwa nini bega hutoka, linavyorudishwa, na namna ya kurudi mchezoni.

Nyonga imezama ndani ya shimo lake, ndiyo maana hutoka kwa nadra. Bega halikujaliwa hivyo. Kichwa cha mfupa wa mkono kinakaa kwenye kijishimo cha mfupa wa bega mithili ya chungwa juu ya kisahani cha kahawa, na wakati wowote ni robo tu ya kichwa hicho, au theluthi, inayogusana na kijishimo. Faida yake ni kwamba mkono unaweza kufika karibu kila upande. Hasara yake ni kwamba kinachouzuia usichomoke ni nyama tupu: ukingo wa gegedu unaozunguka kijishimo, mfuko wa kiungo pamoja na kano zake, na misuli minne inayotoka kwenye bapa la bega na kukikumbatia kichwa cha mfupa. Bega likitoka, zaidi ya mara 9 katika 10 hutokea kwa mbele, na linapotoka huuchana ule ukingo. Daktari wa Uingereza, Blundell Bankart, alieleza mchaniko huo mwaka 1923, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1940 Wamarekani wawili, Hill na Sachs, wakaeleza jeraha la pili: kichwa cha mfupa hubonyea nyuma yake kinapojigonga kwenye ukingo wa kijishimo. Kwa hiyo bega lililotoka mara moja mara nyingi huwa limeacha majeraha mawili ndani, na kulirudisha hakulifuti hata moja.

Sasa mtazame mpiganaji. Ananyanyuliwa, anaona ardhi inamjia, ananyoosha mkono kujikinga. Mwili wote unatua kwenye kiganja kimoja huku mkono umefunguka pembeni na kugeukia nje, na huo ndio mkao ambao bega huuvumilia kwa taabu kuliko mikao yote. Njia ya pili ni mkono kukunjwa kiwikoni na kusokotwa mgongoni. Wajapani huiita ude-garami, na wapiganaji wa Brazil wakaipa jina la mwanajudo Masahiko Kimura, aliyemvunja mkono Mbrazil Hélio Gracie kwa mbinu hiyo mjini Rio de Janeiro mwaka 1951. Kanuni za judo zinaruhusu kukaza kiwiko tu, lakini mbinu hii ikipitilizwa kidogo nguvu yote huishia begani.

Judo inayo kinga ambayo mieleka ya malishoni na ya viwanja vya shule haina. Somo la kwanza la judo ni kuanguka: mwanafunzi hufundishwa kuviringika na kupiga chini kwa mkono mzima, asitangulize kiganja. Tsuyoshi Shimaoka, Mjapani aliyehamia Zanzibar, amewafundisha vijana wa huko tangu miaka ya 1990, na Tanzania ikafika hadi kumpeleka Andrew Thomas Mlugu kwenye Olimpiki ya Paris 2024, judo ya kilo 73. Mchunga ng'ombe wa Ngara anajua kumwangusha mwenzake vizuri sana. Kuanguka mwenyewe hakuna aliyemfundisha, na jambo hilo linanisikitisha, kwa sababu halihitaji fedha wala ukumbi. Nyasi laini zinatosha.

Tuje kwenye kulirudisha. Hawa wanaovuta wanaamini bega limekwama na linahitaji nguvu. Halijakwama. Misuli inayolizunguka imekakamaa kwa maumivu na hofu, na kadiri unavyovuta ndivyo inavyozidi kukaza. Mvutano huo unaweza kuvunja shingo ya mfupa wa mkono, kuchana mshipa mkubwa wa damu wa kwapani, au kuharibu neva inayoamsha msuli wa bega. Tena anayevuta uwanjani hajui kama mfupa umeshavunjika, kwani hana eksirei.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya Lewis Stimson, daktari mpasuaji wa New York, aliyeiandika mwaka 1900. Nitaieleza kwa kirefu, maana ndani yake mna elimu yote ya bega. Stimson alimlaza mgonjwa kwenye kitanda cha turubai kilichotobolewa, mkono ukapita kwenye tundu na kuning'inia, kisha akaufunga uzito wa ratili 10, yaani kama kilo 4 na nusu, akasubiri. Havuti, hasokoti, haweki goti wala kisigino mwilini mwa mgonjwa. Uzito mdogo usiokoma huichosha misuli, misuli huachia, na kichwa cha mfupa huteleza kurudi chenyewe. Siku hizi mgonjwa hulazwa kifudifudi ukingoni mwa kitanda kirefu, bega likiwekewa shuka lililokunjwa chini yake. Mhudumu hupima kwanza mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono, hugusa ngozi ya juu ya bega kuona kama kuna ganzi, na humpa mgonjwa dawa ya maumivu. Kisha hufungwa uzito, na pasipo vifaa dumu la lita 5 lililojaa maji lina uzito unaokaribia ule wa Stimson. Husubiriwa dakika 15 hadi 20. Anayetazama ataona vidole vya mgonjwa vikianza kulegea, halafu pumzi ikishuka, halafu lile bonde lililokuwa chini ya ncha ya bega likijaa na kuwa duara. Mara nyingine husikika mlio mdogo, mara nyingine hausikiki kabisa. Mgonjwa aliyekuwa akitweta anauliza, "Dokta, tayari?"

Na kabla ya Stimson alikuwepo Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita aliandika kwamba watu wengi wenye vipaji waliacha michezo kwa sababu ya bega linalotokatoka, na wengine wakafia vitani kwa sababu hiyo hiyo. Tiba yake ilikuwa kuwachoma kwapani kwa vyuma vya moto, ili kovu likaze upande ambao mfupa hupitia. Asijaribu mtu! Lakini tazama fikra yake: alishajua kwamba ugonjwa ni ule uwazi uliobaki ndani. Bankart alipokuja kuushona ukingo uliochanika, alikuwa akiziba uwazi ule ule kwa sindano badala ya moto. Wanaowachanja vijana chale begani hawajafika hata alipofika Hippocrates, kwani wembe wao unaishia kwenye ngozi na kiungo kiko ndani mno.

Nimekaa sana hapa. Jambo moja la kulirudisha limebaki, nalo ni muda. Bega lililokaa nje zaidi ya wiki 3 huhesabiwa la zamani. Limeshajishika na nyama za jirani, mshipa wa damu nao umejishika, na kulirudisha bila upasuaji ni hatari. Hapo ndipo mafuta ya chatu yanapodhuru, kwa kuwa mtu hukandwa mwezi mzima kumbe kiungo kiko nje. Wakandaji wetu wapo wenye mikono mizuri, nami sina ugomvi na anayekanda mgongo uliochoka. Kukanda kwa nguvu bega lililochanika ni kuongeza uvimbe na kuvuja damu. Toka Kabanga, Hospitali ya Murgwanza iko wilayani humo humo, na Nyamiaga pia, na Rulenge. Nenda siku hiyo hiyo. Aliyepita miaka 40 aangaliwe zaidi, kwa sababu katika umri huo bega likitoka mara nyingi huchana kano za ile misuli minne. Akishindwa kunyanyua mkono wiki chache baadaye, asiambiwe ni uvivu.

Baada ya kurudi, mkono huning'inizwa kwa kitambaa shingoni. Kwa muda gani? Lennart Hovelius wa Sweden alifuatilia mabega 257 kwa miaka 25. Baadhi ya wagonjwa walifungwa wiki 3 hadi 4, wengine wakaachwa watumie mkono mapema kadiri walivyoweza. Mwisho wa miaka hiyo kufungwa hakukuwa kumepunguza kutoka tena. Kilichotofautisha zaidi kilikuwa umri. Carter Rowe wa Boston alishaonyesha mwaka 1956 kwamba kwa walio chini ya miaka 20 bega hurudia kutoka kwa zaidi ya 8 katika kila 10, na kwa waliopita 40 ni wachache. Kwa hiyo kitambaa ni cha kutuliza maumivu, siku chache hadi wiki 3. Atakayefungwa miezi mitatu atapata bega gumu lenye misuli iliyonyauka, na likilegea litatoka vile vile.

Kazi ya kweli inaanza kitambaa kinapotoka. Majeraha ya ndani hatuwezi kuyafikia kwa mikono, lakini ile misuli minne tunaweza kuifundisha ishike kazi ya ukingo uliochanika. Wiki za mwanzo mgonjwa anasukuma ukuta kwa ngumi bila mkono kusogea, pande zote, bila maumivu makali. Kisha tafuta tyubu ya baiskeli, kata utepe mrefu, funga ncha moja kwenye nguzo usawa wa kiwiko. Simama ubavu kwa nguzo, upande mzima ukiwa karibu nayo. Kunja kanga na uibane kati ya kiwiko na mbavu; kanga ikianguka umekosea. Shika utepe, vuta kiganja kuelekea nje taratibu, hesabu tatu kwenda na tatu kurudi, seti 3 za mara 15. Geuka ubavu wa pili, vuta kuelekea tumboni. Fuata na misuli inayovuta mabapa ya bega nyuma, halafu kujisukuma ukutani, halafu mezani, mwisho chini. Zoezi hili halipendezi kwenye picha, ndiyo maana wengi hulikimbia na kununua plasta za rangi. Plasta hukumbusha ngozi tu. Haiwezi kuuzuia mwili wa kilo 70 unaoangukia mkono.

Kijana akiniambia, "Dokta, nimeshapona, hauumi tena," namwomba anyanyue mkono pembeni usawa wa bega, akunje kiwiko, kisha naugeuzia nje taratibu huku nikimtazama usoni. Akikunja uso na kuurudisha mkono hata kama hauumi, mwili wake unajua jambo ambalo yeye hajalijua. Huyo hajawa tayari. Aliye tayari ananyoosha mkono pande zote sawa na mwenzake, nguvu zake zimefikia walau asilimia 90 za upande wa pili, na katika kipimo hicho hashtuki.

Upasuaji nao unaogopwa bila sababu, eti aliyepasuliwa bega hashikani tena. Kwa mpiganaji kijana ambaye bega limerudia kutoka, mara nyingi ndiyo njia ya kumrudisha. Hushonwa ukingo, au kama mfupa wa kijishimo umekatika sana hufanywa upasuaji wa Latarjet, Mfaransa aliyeueleza mwaka 1954, ambapo kipande cha mfupa wa jirani hufungwa kwa skrubu mbele ya kijishimo. Tanzania ina mabingwa wa mifupa katika hospitali za Bugando mjini Mwanza, KCMC Moshi na MOI Dar es Salaam. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limemwondolea mtu wa Ngara kusubiri kivuko anapokwenda Bugando. Lakini asiye tayari kwa miezi ya mazoezi baada ya kushonwa, aiache safari hiyo.

Kurudi ulingoni hakuendi kwa kalenda peke yake, ingawa mimi simruhusu mtu kupambana kwa dhati kabla ya mwezi wa tatu, na aliyepasuliwa kabla ya wa sita. Aanze kuviringika na kuanguka peke yake. Kisha kushikana na mwenzi mpole, wakiwa magotini, hakuna kunyanyuana. Halafu wasimame, aangushe yeye tu. Kuangushwa kuje mwisho kabisa. Amwambie mwenzake waziwazi ni bega lipi, na mkono ukianza kusokotwa agonge mapema kuonyesha amekubali kushindwa, kabla ya maumivu.

Nanyi walimu wa michezo wa Ngara na Biharamulo, kabla ya mwaka huu wa masomo kwisha tengeni vipindi viwili vya kufundisha kuanguka. Na siku bega la mwanafunzi likitoka, mfungieni mkono kwa kanga jinsi ulivyo, msivute, mumpakie garini.