Paka Hapigwi Mkwara, Analipwa Dagaa

Karibu kila nyumba ya Haneti, huku Dodoma, yenye gunia la uwele ina mshkaji mmoja ambaye halipi kodi, hachangii luku, na bado ndo anayelalia shuka iliyotoka kufuliwa. Ukimwita anageuza sikio tu, mwili unabaki palepale. Halafu mtaa mzima unasema paka hafundishiki. Uongo huo. Paka anafundishika kinoma, ila kwa mkwara haendi. Mbwa ukimfokea anajikunyata na kukutingishia mkia, mnamalizana. Paka ukimfokea anaweka kumbukumbu moja tu: huyu mtu ni noma, nikae naye mbali. Yeye ni wa mchongo. Umemlipa, kazi imefanyika; hujamlipa, mnabaki kuangaliana.

Na mchongo wenyewe ni wa kitambo. Ukoo wa paka wa nyumbani umetoka kwa paka pori, Felis lybica, ambaye hata kwenye vichaka vya Bongo anaishi mpaka leo: rangi ya vumbi, miguu mirefu, ukimmulika na taa ya boda usiku utadhani ni nyau wa jirani kapotea. Kule Mashariki ya Kati, miaka kama 10,000 iliyopita, watu walianza kulima na kujaza nafaka ghalani. Panya wakajazana, paka pori wakawafuata panya, wakacheki binadamu hana shida, wakabaki. Hakuna aliyewafunga kamba. Mwaka 2004 wanaakiolojia walitangaza kaburi la huko Saiprasi, la miaka kama 9,500, mtu kazikwa na paka wake pembeni, wametengana sentimita 40 hivi. Kwa hiyo nyau aliyejilaza juu ya kihenge chenu yupo kwenye ajira ya ukoo.

Sasa hapa ndo kitaa kinapozingua. "Usimpe msosi, akishiba hatakamata panya." Utaisikia kwa bibi, utaisikia kwa wana machimboni, utaisikia kwa muuza duka ambaye panya wanamtafunia sabuni. Wana, njaa na kuwinda ni mota mbili tofauti ndani ya paka. Watafiti walishamjaribu: paka yuko kwenye sahani anakula, panya akapita, jamaa akaacha msosi, akaenda kumuua panya, akamrudisha kwenye sahani na kuendelea na menyu yake kama kawa. Aliyeshiba anawinda. Mwenye njaa kali ndo hana muda wa kuvizia tundu saa nzima, anakimbilia palipo na kitu cha chapchap: sufuria la jirani, vifaranga vya bi mkubwa. Baadaye mnamwita mwizi. Mmemwajiri bila mshahara, mlitegemea nini?

Tena siku hizi wengi wanahifadhi nafaka kwenye ile mifuko ya tabaka tatu, ya kinga njaa. Ule mfuko unaua wadudu kwa kuwanyima hewa, basi. Panya akitoboa katundu kamoja hewa inaingia, wadudu wanakula bata na mtama wenu. Mlinzi wa mfuko huo apewe chake bila kinyongo.

Na chake siyo ugali na mchuzi. Paka ni mla nyama kwa maumbile. Kuna kitu kinaitwa taurini, kipo kwenye nyama na samaki; akikosa muda mrefu, macho yanaharibika na moyo unachoka. Dagaa, utumbo wa kuku, kichwa cha sato, hapo mnaenda sawa. Maziwa ndo mtego. Kwetu ng'ombe wapo, kwa hiyo mtu anamjazia nyau kibakuli anajiona ana roho nzuri, kumbe paka wengi wakishakua tumbo linakosa uwezo wa kuivunja sukari ya maziwa. Anaharisha, halafu anapigwa kwa kuharisha. Mpe maji. Na kiangazi cha Dodoma kinavyochoma, hayo maji yasikauke.

Twende kwa dogo mwenyewe. Ukiletewa kitoto cha paka, usiulize sana, kiangalie machoni. Vyote vinazaliwa vipofu, macho yanafunguka kati ya siku ya 7 na ya 14, na yakifunguka yote ni bluu. Rangi ya ukubwani inaanza kuingia kwenye wiki ya 6 au ya 7, mdogomdogo, mpaka wengine wanapata ukijani wa krisopresi, lile jiwe lililoiweka Haneti kwenye ramani ya dunia. Maana yake, dogo mwenye bluu tupu bado ni wa kunyonya. Anayekuletea dogo huyo kwenye kiroba hajakupa zawadi, kakupa msala. Subiri afike wiki ya 8 angalau, na ya 12 ni poa zaidi.

Ila wakati yuko kwa mama yake usimsahau. Kati ya wiki ya 2 na ya 7 ubongo wa kitoto unaandika nani mwana na nani adui. Akishikwa kila siku dakika chache, akasikia redio, akasikia watoto wanacheza rede, akanusa moshi wa jiko, anakua mtu wa watu. Akijifichia juu ya dari hajaguswa mpaka miezi mitatu, utakuja kumkamata na makucha yake kumi na nane yote yatakuwa kwenye mkono wako. Mapaka shume wengi mnaowarushia mawe walikuwa watoto ambao hakuna aliyewashika, ni hivyo tu.

Kuna hii ya kung'ata. Vitoto vikilelewa pamoja vinafundishana: ukimng'ata bro kwa nguvu anapiga kelele na mchezo unakufa. Aliyetolewa mapema hilo darasa hakulikalia. Anauvaa mkono wako kama panya, wewe unacheka, unamchezeshea vidole. Sasa ana wiki saba, inachekesha. Akifikisha kilo nne utaelewa. Dawa ni rahisi mpaka inaudhi: mkono uwe mkono wa kubembeleza tu. Akiung'ata, gandisha, usiuvute, maana kinachokimbia ndo windo. Akiachia, geuka, nenda zako dakika moja. Mchezo upitie kwenye kamba yenye unyoya wa kanga mwishoni. Unyoya wa kanga haukosekani vijiji vyetu.

Na ile balaa ya saa kumi na moja alfajiri, unaruka kitandani kwa sababu mtu anawinda vidole vya miguu? Hana mapepo. Paka ameumbwa kuwaka alfajiri na jioni, muda ambao panya nao wako mishemishe. Mchana analala, saa 12 mpaka 16 kwa siku ni kawaida yake. Wewe cheza na mpangilio wake: kuwinda, kukamata, kula, kujilamba, kulala. Kabla hujazima taa, mkimbize na ule unyoya dakika kumi, mwache aukamate (hii muhimu, asipokamata anamaindi), hapohapo mpe msosi wa usiku. Atajilamba, atazima. Na akikuamsha alfajiri, uchune, hata alie vipi. Ukiamka kumpa dagaa ili anyamaze, umeshamlipa kwa kukuamsha, na kesho anakuja na saa ya ziada.

Hii ndo siri yote ya kumfunza: kinacholipwa kinarudi. Jaribu na kopo. Weka dagaa watatu kwenye kopo la bati, litikise mara moja, taja jina lake, akija mpe dagaa sekunde ileile, siyo baada ya kumaliza stori na jirani. Fanya hivyo kabla ya kila mlo. Siku chache tu, hata akiwa juu ya mkwaju anashuka. Baadaye taja jina bila kopo. Jina lake analijua, usidanganywe na ile pozi ya kugeuza sikio. Mwaka 2019 mtafiti wa Japani, Atsuko Saito, na wenzake walitoa utafiti unaoonyesha paka wanatofautisha majina yao na maneno mengine yanayofanana nayo. Kuja ni uamuzi wake. Lipa vizuri, ataamua vizuri. Jina fupi, lakini. Mtu anamwita paka "Mheshimiwa Diwani" halafu analalamika haitiki.

Choo ndo kazi nyepesi kuliko zote, na sisi tuna mchanga wa korongoni usioisha. Beseni pana, mchanga mkavu wa vidole vinne, pembeni patulivu, mbali na bakuli la msosi. Mweke humo akishamaliza kula na akitoka kulala, atafukua mwenyewe. Akikosea, usimsugue pua kwenye mkojo. Atajifunza tu kwamba ukiwepo asikojoe mbele yako, atahamia nyuma ya kabati. Toa uchafu kila siku. Vijidudu vya toksoplasma vinavyotoka kwenye kinyesi cha paka huchukua siku moja mpaka tano kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo ukiwahi umevipiga bao. Mama mjamzito asiguse beseni hilo, kijana wa kiume upo.

Paka akikukazia macho halafu akafumba taratibu, hana usingizi, anakwambia tuko poa. Mjibu hivyohivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, mwaka 2020 walionyesha paka husogea zaidi kwa mtu aliyewafumbia macho polepole kuliko aliyekaa mkavu. Mkia ukianza kuchapa huku na huku, acha kumshika. Hilo siyo tabasamu.

Pale nisipoweza kuremba ni kwenye sumu. Ile dawa ya kupe ya kuogeshea ng'ombe, nyingi zina pamethrini au ndugu zake. Ng'ombe anavumilia, ini la paka haliwezi kuivunja, anaanza kutetemeka, anakufa. Kidonge cha parasetamoli, hata kimoja, kinaweza kumuua. Na ukitega sumu ya panya huku una paka, jua unamtegea na yeye, maana panya aliyekula sumu anatembea kilegevu na ndo rahisi kukamatwa.

Paka wako akifika miezi mitatu, bwana mifugo amchome chanjo ya kichaa cha mbwa, maana jina ni la mbwa ila paka naye anaupata na anaupitisha. Muulize na habari ya kumhasi hapohapo: jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, na mimba ni siku kama 65, utajikuta na ukoo. Safari ya kumpeleka kwa bwana mifugo ndo inayowashinda wengi, mtu anatoka na mikono imechorwa chorwa. Tafuta tenga lenye mfuniko. Liache wazi sebuleni wiki nzima kabla, kanga ya zamani ndani, dagaa wawili kila jioni. Siku ya siku ataingia mwenyewe, wewe unafunga tu kifuniko na kumwita boda.