Mikimbio 147, na kombe likaenda Dhaka

Mchongaji wa Newala akipewa gongo la kriketi alishike, kitu cha kwanza kitakachomshangaza ni wepesi wake. Mikono yake imezoea mpingo, mti mzito unaozama majini na kumaliza makali ya tezo. Gongo la kriketi huchongwa kwa mti laini unaopandwa kandokando ya mito huko Uingereza, na ulaini huo ndio siri yake: mpira ukigonga, mbao hubonyea kidogo kisha huurusha mbali. Sheria inataka lisizidi sentimita 96.5 kwa urefu na 10.8 kwa upana. Uzito haukuwekewa kikomo. Mwenye misuli na abebe atakalo.

Afrika Mashariki haijapata kumwona mtu aliyelitumia gongo hilo vizuri kumshinda Steve Tikolo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1971. Wapo watakaomtaja Maurice Odumbe, na si vibaya, lakini Tikolo alidumu. Kaka zake, Tom na David, nao waliichezea Kenya. Yeye aliishika timu hiyo tangu Kombe la Dunia la 1996 hadi la 2011, makombe matano mfululizo.

Kwa msomaji wa Masasi ambaye hajawahi kukaa kando ya uwanja wa kriketi, hesabu yake ni nyepesi. Mpira ukipigwa ukavuka mpaka baada ya kugusa chini, timu inapata mikimbio minne. Ukivuka juu kwa juu, sita. Mrushaji naye anatafuta kuviangusha vijiti vilivyosimama nyuma ya mpigaji, au kumlazimisha apige hewani adakwe. Ugumu wote umo hapo. Katika besiboli, mchezo unaofanana nao kidogo, mpigaji aliyekosa leo asubuhi hurudi tena mara tatu nne katika mechi hiyohiyo. Katika mechi za siku moja alizocheza Tikolo, ukitolewa umetolewa: unavua glavu na kuketi ukiangalia wenzako.

Mjapani Sadaharu Oh, bingwa wa mipigo mirefu ya besiboli, alipoanza na Yomiuri Giants mwaka 1959 alikosa mara 26 kabla ya kupata pigo lake la kwanza. Klabu ikamvumilia. Akakaa hapohapo misimu 22 na kuondoka 1980 akiwa ameutoa mpira nje ya uwanja mara 868. Mpigaji wa kriketi hana anasa hiyo. Pigo moja la papara linatosha kummalizia siku.

Tikolo hakuwa mtu wa papara. Katika mechi yake ya kwanza ya kimataifa ya siku moja, dhidi ya India mjini Cuttack, Februari 1996, alipata mikimbio 65. Wiki chache baadaye, Sri Lanka iliijaza Kenya mikimbio 398 mjini Kandy, rekodi ya dunia wakati ule. Timu nyingine ingekunja jamvi mapema. Tikolo alijibu kwa 96.

Lakini mechi ya kumpimia ni fainali ya Kombe la ICC (Baraza la Kimataifa la Kriketi), Kuala Lumpur, Aprili 1997. Kenya ilipata mikimbio 241, na 147 kati ya hiyo ilitoka kwenye gongo lake peke yake. Mvua ikanyesha, mechi ikaingia siku ya pili, na wapinzani, Bangladesh, wakapunguziwa lengo: mikimbio 166 katika ova 25, yaani mipira 150. Ikabaki mipira michache, kisha mmoja. Mkimbio wa ushindi haukutokana hata na pigo. Mpira uligonga pedi ya mpigaji, wakakimbia. Kombe likaenda Dhaka.

Miaka mitatu baadaye Bangladesh ilipewa hadhi ya kucheza mechi za siku tano, zile zinazozipa timu ratiba, wageni na fedha. Kenya haikupewa. Hata mwaka 2003, Tikolo akiwa nahodha, ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia na kufungwa na India mjini Durban, yeye mwenyewe akipata 56, mlango haukufunguka. Wachezaji na viongozi wakagombana juu ya malipo, na mialiko ya kucheza na wakubwa ikapungua.

Hapo ndipo takwimu zake zinapodanganya. Tikolo alipata zaidi ya mikimbio 3,400 katika mechi za kimataifa za siku moja, na mtu akiiweka kando ya hesabu za Sachin Tendulkar wa India ataiona haba. Tendulkar alicheza mechi 463 za aina hiyo. Tikolo hakufika 140. Mpigaji hajipangii ratiba.

Baada ya kustaafu aligeukia ukocha, akafundisha Uganda na baadaye timu ya taifa ya Tanzania. Kwa hiyo si mgeni upande huu wa mpaka.

Na kriketi yenyewe si ngeni kabisa kusini. Wamisionari wa UMCA, ambao Askofu Edward Steere aliwafikisha Masasi mwaka 1876, waliwachezesha wanafunzi wao kriketi kule Kiungani, Zanzibar, na vijana wa Masasi na Newala walikuwa wakipelekwa kusoma huko. Mchezo ulioota mizizi nyumbani ukawa soka. Sababu moja iko chini ya miguu: mpira wa kriketi lazima udunde, na njia ya kurushia, yenye urefu wa mita 20 hivi, inataka udongo mgumu. Juu ya uwanda wa Makonde ardhi ni ya kichanga, maji huzama, na mpira ungezama vilevile. Nairobi na Dar es Salaam walitandika jamvi juu ya udongo ulioshindiliwa. Siku hizi humwagwa zege na kutandikwa zulia la plastiki. Walimu wa michezo wa Newala wataguna: zege katikati ya uwanja wa soka? Basi lijengwe pembeni, kando ya mikorosho, na kwa kuanzia mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe na kreti ya soda badala ya vijiti vinatosha.