Stahili Bila Haki: Pensheni za Makonseli wa Uingereza katika Karne ya 19

1.0 Utangulizi
Katika Kiswahili, pensheni ni malipo yanayoendelea kutolewa kwa mstaafu, ilhali kiinua mgongo hulipwa kwa mkupuo. Makonseli wa Uingereza waliotumika ng'ambo waliweza kupata malipo ya aina zote mbili. Makala haya yanabainisha kwamba malipo hayo, ingawa yalikokotolewa kwa kanuni mahsusi, hayakuwa haki kamili kisheria.

2.0 Ukokotoaji
Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1859, mtumishi wa kudumu aliyetimiza miaka 10 kazini alikadiriwa pensheni ya 10/60 ya mshahara wake wa mwaka. Kila mwaka wa ziada uliongeza 1/60, hadi kufikia 40/60. Hivyo, aliyelipwa pauni 600 na kutumika miaka 20 alikadiriwa pauni 200 kwa mwaka. Aliyestaafu kwa maradhi kabla ya kutimiza miaka 10 aliweza kupewa kiinua mgongo kisichozidi mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa utumishi. Aidha, sheria ya mwaka 1876 iliruhusu miaka 2 katika vituo vilivyotambuliwa kuwa hatari kwa afya ihesabiwe kuwa 3.

3.0 Mipaka
Mpaka wa kwanza ulihusu hadhi ya ajira. Mtumishi alipaswa kuwa ameteuliwa moja kwa moja na Taji, au kuwa na hati ya Makamishna wa Utumishi Serikalini, na kulipwa kutoka fedha za umma. Mfanyabiashara aliyekuwa konseli bila mshahara hakuwa na msingi wa kukokotolewa pensheni. Karani aliyeajiriwa kituoni bila hati hiyo naye aliachwa nje.

Mpaka wa pili ulikuwa kifo. Hatari hiyo ilikuwa dhahiri Zanzibar, ambako konseli Atkins Hamerton, aliyewasili mwaka 1841, alifia kazini mwaka 1857. Ni sheria ya mwaka 1909 iliyoruhusu warithi wa mtumishi aliyefia kazini walipwe kiinua mgongo.

4.0 Hitimisho
Sheria ya mwaka 1834 ilikuwa imekwisha kutamka kwamba hakuna mtumishi mwenye haki kamili ya kulipwa kwa utumishi uliopita. Kwa hiyo, katika kufasiri nyaraka za wakati huo, istilahi "stahili" inafaa zaidi kuliko "haki": konseli aliweza kujua kiasi anachostahili, lakini hakuweza kukidai kama mali yake.